Kufuli la Adauto

Ivonete aliileta bodi ndani ya mfuko wa mkate,
mvua ya Januari ikimchuruzika viwikoni.
Santa Rita do Sapucaí, saa kumi alasiri,
duka langu likinuka lehemu na kahawa iliyopoa.
"Ubongo wa tangi la maziwa," akasema.
"Baba aliuandika mwaka ule tulipokuwa na ng'ombe kumi na tisa.
Siku hizi tangi linapoa likitaka.
Nitolee alichoandika, kabla hakijapotea."

Adauto nilimjua. Hakuwa mtu wa daftari.
Daftari lake lilikuwa kichwani,
na kichwa kimelala mlimani, nyuma ya kanisa.

Chipu yenyewe haifiki ukucha wa kidole gumba.
Humo hamna wino, nikamwambia.
Mna visima visivyo na mlango, vimezungushiwa kioo chembamba,
na ndani ya visima, wafungwa wa umeme.
Wakiwamo, tunasoma sifuri.
Wasipokuwamo, moja.
Kwa hiyo huku kufuta ni kuandika moja kila mahali,
na hufuti herufi peke yake:
unafuta ukurasa mzima ili usahihishe nukta.
Wafungwa nao hutoroka, mmojammoja, miaka kwa miaka,
hasa palipo na joto.
Na Adauto, Mungu amrehemu,
aliifunga bodi hii juu ya kompresa.

Nikachomeka nyaya nne, nikaita.
Chipu ikanitajia jina lake na toleo lake, kwa adabu.
Nilipoomba kurasa, ikanyamaza.

"Alifunga," nikasema.
"Si ufungue?"
"Kufuli hili ufunguo wake ni ufutio.
Kwanza linachoma nyumba, ndipo linakukabidhi mlango."

Akacheka, akajifuta uso kwa mkono wa sweta.
"Ndiye huyo. Ndiye kabisa."

Ipo njia nyingine, ya wezi na ya mafundi waliokwama:
unaukata umeme kwa kufumba na kufumbua,
palepale chipu inapojiuliza, je, nimefungwa?
Ikipepesuka, husahau jibu.
Nimejaribu mara tisa maishani.
Mara nne nilisoma. Mara tano nilizika.

"Alimfungia nani?"
"Kampuni fulani ya Pouso Alegre. Walitaka kuiga bure."
"Na mimi je?"
Sikuwa na la kumjibu.
Kufuli halijui majina.

Siri ya mtungi aijuaye kata, basi tukawa kata.
Usiku tatu tulikaa bandani kwake,
kipimajoto kimoja, saa ya mkononi, kalamu mbili,
tukiandika kila ambacho tangi lilifanya:
nyuzi nne, kompresa ikazima;
nyuzi tano na nusu, ikawaka;
pangaboi la kukoroga, dakika mbili kila nusu saa.
Usiku wa pili lilikosea mara moja. Nikaweka alama ya kuuliza.

Ila saa kumi na dakika kumi alfajiri, kila siku,
mkorogo wa sekunde arobaini, wenye kelele,
ambao maziwa hayakuuhitaji.
Nikadhani ni wafungwa waliotoroka.
Nikataka kuukata mstari huo.

Ivonete alikuwa ameiweka kalamu chini.
Chumba chake cha utotoni kimepakana na banda,
ukuta mmoja tu wa matofali.
"Alikuwa hapendi kubisha mlango," akasema.
"Nilidhani naamka mwenyewe."

Chipu mpya niliiandika Jumatatu.
Mkorogo wa alfajiri nimeuacha, sekunde arobaini kamili.
Nilipomuuliza kama nifunge, alifikiri kitambo,
akaulizia kwanza bei ya bodi.
Kisha akasema hapana, acha wazi.

Ile ya zamani imo kwenye droo yangu,
ndani ya mfuko uleule wa mkate,
haina waya, haina joto la kuihimiza.
Bado imefunga.
Bado wanatoka, mmoja leo, mwingine sijui lini,
na kila atokaye anaacha moja.