Imefika Lenta

Zósima ameandika: imefika lenta.
Nimeusoma ujumbe juu ya kilima cha mawe,
mahali pekee simu inapopata mtandao,
nusu saa kwa miguu toka ninapolala,
kidole gumba nje ya glavu, kimekufa ganzi.

Imefika lenta. Nondo zimeisha.
Abelino anataka mifuko kumi na minane ya saruji
na anauliza:
dirisha la jikoni litazame wapi?

Huku Wyoming naishi ndani ya gari la bati lisilo na injini.
Kitanda, jiko la kuni, meza ya kukunja,
hatua tatu kwenda, tatu kurudi.
Ya nne ni theluji.
Kondoo elfu moja mia nane na ishirini,
mbwa wawili, farasi mmoja asiyenipenda.
Jumanne huja Wendell na maji, viazi, kuni.
Tunasemezana maneno kumi na moja, nimeyahesabu,
manne kati ya hayo ni ya hali ya hewa.
Akishaondoka nabaki nayo,
nayapanga upya, nayasema kwa sauti,
hadi Sargento anainua sikio moja
akidhani nimempa amri.

Mshahara naupokea kwa dola, nauhesabu kwa matofali.
Usiku wa mbweha kulia bondeni: matofali kumi na mawili.
Jino nililoling'oa mwenyewe kwa koleo,
wala si ushujaa,
daktari ni ukuta mzima wa chumba cha Nélida.
Krismasi mbili: msingi.
Mazishi ya baba, niliyoyatazama kwenye simu
mpaka chaji ikakata, jeneza bado liko mlangoni:
hayo sijajua yamejenga nini.

Dirisha litazame wapi.
Nikafumba macho nikitafute kiwanja changu.
Nikaona mitaro ya viazi, punda wa jirani,
jiwe lililonivunja kucha nikiwa na miaka tisa.
Jua sikuliona.
Linachomoza nyuma ya kanisa, au nyuma ya shule?
Mimi, niliyezaliwa pale, kitovu changu kimezikwa pale.
Miaka mitatu sasa jua langu
linatokea kwenye matako ya kondoo.

Nikamwandikia: litazame mlima.
Huancavelica pande zote ni mlima.
Akajibu, sawa.

Jana alinitumia video. Anatembea chumba hadi chumba,
bila paa, mbingu imejaa ndani kama maji kwenye sufuria.
Nyayo zake zinarudisha mwangwi.
Nélida amesimama pale utakapokuwa mlango,
mguu mmoja huku, mmoja kule,
anauliza, hapa ni ndani au nje?

Jioni nikawapigia. Mtoto alikuwa amegeuka, anachora ukutani kwa mkaa.
Nilitaka kumwita.
Nikapiga mluzi.
Ule wa mbwa, mfupi, unaopanda mwishoni.
Aliganda. Kisha akacheka, akataka niurudie.
Zósima hakucheka.

Karatasi ya mkataba mpya ililetwa Jumanne,
chini ya gunia la viazi, imelowa pembe moja.
Miaka mitatu mingine.
Baada ya lenta ni paa. Baada ya paa, plasta.
Baada ya plasta Zósima atasema, na choo?
Na atakuwa na haki, watu hawaishi bila choo,
ingawa mimi naishi.

Nje upepo umebadilika, kondoo wamejikusanya
upande ule ambao Wendell huuita kwa neno nisilolijua.
Sargento anakwaruza mlango. Mwenye mali amekataza mbwa ndani.
Nimemfungulia.
Analala juu ya mabuti yangu, anaota, miguu inakimbia.

Kalamu imeganda.
Nimeitia kwapani,
nangoja wino uyeyuke.