Pengo la B

Faki wa Machomane aliiweka juu ya pasi mbovu,
akaipangusa kwa kiganja, akanionya:
"Hii imevunjika kati, Bi Kidawa. Usije ukanilaumu."
Nikaitazama. Haikuvunjika.
Iliumbwa hivyo na mtu mwenye kuionea huruma mikono,
mbawa mbili zimeinuka katikati
kama marufaa kabla ya msahafu.
Sikumsahihisha. Alitaka arubaini elfu,
nikatoa ishirini na tano kwa sababu ya ule ufa,
na Mungu anajua nilichokinyamazia.

Miaka kumi na tisa nachapa mbele ya mahakama ya Chake:
viapo, talaka, mirathi,
mkarafuu mmoja wenye warithi kumi na mmoja.
Ganzi ilianzia kidole cha kati,
ikashuka kifundoni, ikahamia begani
kama mpangaji asiyelipa.
Usiku nikiuning'iniza mkono nje ya kitanda,
mama akiusugua kwa mafuta ya makonyo
hata mito ikanuka ghala.
Daktari aliniandikia: pumzisha mkono,
kwa mwandiko ambao nusura nimwombe nimchapie.

Siku ya kwanza.
"Mimi Shaame in Kombo," kikasema kiapo,
"mtoto wa Kombo in Hamad na Time inti Juma..."
B zote zimedondoka.
Kumbe B ni ya mkono wa kushoto,
na huu wa kulia, miaka yote hiyo,
ulikuwa ukivuka ua kuidonoa
kama kuku wa jirani.
Sasa unavuka, unakuta pengo,
kidole kinagonga meza, tok,
na mzee mzima anabaki hana baba.

Nikaanza kutazama vitufe,
mie niliyekuwa nikichapa huku naangalia mvua.
Hapo ndipo ulipokaa mtego wa pili.
Huko Ujerumani ilikotoka
Y na Z zimebadilishana nyumba,
na kompyuta yangu haijapata habari.
Nafuata jicho, naandika "nyumba ya marehemu",
karatasi inatoka: "nyumba za marehemu".
Warithi wakasoma. Kimya.
Kisha Zuwena, niliyemwandika Yuwena,
hata jina lake hakuliona,
akamgeukia kaka yake:
"Ya pili iko wapi?"
Na kaka, badala ya kucheka, akatazama mlango.

Nikachapa upya, sikutoza.
Hawajaja kuichukua.

Ijumaa baada ya sala niliing'oa vitufe kwa ncha ya kisu.
Chini yake: makombo ya mkate mweusi,
unywele mmoja wa rangi ya makumbi.
E ilikuwa imefutika kabisa,
N imebakiwa na mguu mmoja.
A mpya, kama ya jana.
Mtu gani huyu, nikajiuliza, anayechapa miaka
bila kuichosha A?
Na aliiuza kwa kuwa mikono imepona,
au kwa kuwa imekataa?
Unywele sikuutupa. Sijui kwa nini.
Nimeubana kwenye daftari la madeni.

Wiki ya sita.
Mkono wa kushoto, uliozoea kushikilia karatasi tu,
umejifunza bin, umejifunza binti.
Unaigonga B kwa wasiwasi bado,
kama anayepiga hodi ukweni.
Ganzi haijahama; imerudi kwenye kidole kimoja,
nayo huja alfajiri, hukaa kidogo, huaga.
Macho nimeyarudisha dirishani.

Faki akipita huuliza: "Ile mbovu inafanya kazi?"
Nami hujibu: "Inajikongoja."
Juzi kaleta barua ya leseni ya duka, kurasa tatu.
Nimemchapia. Alipoingiza mkono mfukoni
nikamwambia aache.
Kanitazama kama niliyepandwa na kitu.

Jua la saa kumi lilipopiga mezani
nikaiona A vizuri:
mguu wake wa kushoto umeanza kufifia.