Sentimita Kumi na Nane

Mwaka wa kwanza tulipanda miche elfu mbili
kwenye tope la hori, hapa Sur,
tukapiga picha, tukanywa kahawa, tukanawa miguu.
Kufika Machi ilisalia kumi na saba.
Thuwaiba akasema: jua. Mhandisi akasema: chumvi.
Mimi niliyeajiriwa kuhesabu
nilikuwa na hesabu ya droni, mia tatu na tisa,
maana droni ilijumlisha vivuli, madumu,
na ngamia aliyejilaza
akitafuna ushahidi.

Marehemu bibi, mzaliwa wa Wete,
mti huu aliuita mchu, kuni za tanuri la chokaa.
Na dari ninayolala chini yake ni boriti za kwao,
mikoko iliyokatwa huko, ikavushwa, ikatupa kivuli
kabla baba hajazaliwa.
Chumba kina upana wa mti, basi, si zaidi.
Deni hilo sijaliona kwenye jedwali lolote.

Usiku mmoja nikafungua namba za maji,
si zetu, chombo chetu kilikufa betri Novemba,
bali za kituo cha ng'ambo
ambacho mtu nisiyemjua hukikwangua chaza
kisha huziacha namba zake wazi
kama mlango wa nyumba yenye harusi.
Bamvua, maji mafu, bamvua.
Nikasawazisha saa, nikazilaza
kando ya vimo vya tope letu.

Jibu lilikuwa dogo, halikufika shubiri:
tulipanda chini mno. Sentimita kumi na nane.
Miche haikufa kwa kiu wala kwa jua.
Ilizama, mara mbili kwa siku, mbele yetu,
huku sisi tukiiombea maji.

Mwaka wa pili tulitembea na fimbo yenye alama nyekundu,
Thuwaiba mbele, akichomeka vijiti,
akimkemea kila aliyetaka kupanda
pale palipo rahisi kusimama.
Hatukupiga picha.
Imeshika mia sita na kitu.
Ngamia tumemwekea ua; anautazama kwa dharau.

Nikamwandikia yule mtu wa ng'ambo shukrani ndefu,
yenye salamu, dua, na mchoro wa mawimbi.
Akajibu kwa mstari mmoja:

Na betri yenu je?

Nikashuka horini na bisibisi.