Kijiko cha Mwezi wa Sita

Mwezi wa sita Lubumbashi hulala meno yakigongana.
Naacha kijiko dirishani, juu ya tofali,
maana friji yetu ni kabati la viatu
tangu umeme ulipozoea kuondoka bila kuaga.
Saa kumi na moja alfajiri nakichukua,
nakilaza chini ya jicho la kushoto, kisha la kulia.
Baridi inapenya hadi kwenye gego.
Weusi hauhami.

Nilianza na majani ya chai.
Kisha tango, ambalo Mwape alilibandua usoni pangu akalila na chumvi.
Kisha kichupa cha mama Chibola, soko la Njanja:
hakina jina, kina rangi ya maziwa na harufu ya betri.
"Siku saba," alisema, "na mama yako atakuuliza we ni nani."
Siku ya tatu kope zilivimba kama maandazi,
ngozi ikachunika kama ganda la kitunguu,
na chini ya ganda, weusi uleule,
umekasirika,
umeongeza shamba.

Daktari wa Katuba alinishika kidevu, akanielekeza kwenye mwanga.
"Tupa hicho. Jicho si sufuria la kusugulia mchanga.
Vaa kofia juani. Lala."
Lala!
Nami nashona sare za wanafunzi mpaka jogoo anichoke,
sindano naitafuta kwa taa ya simu,
na Septemba haijawahi kumngoja fundi.
Akaandika kitu, akauliza bila kuinua kichwa:
"Kwenu nani mwingine anao?"

Baba anao.
Miaka thelathini ya zamu ya usiku kwenye tanuru la shaba,
tukaamini ni moshi wa bomba uliogoma kuoshwa.
Mama alikuwa akimsugua kwa sabuni ya mawese, Jumapili,
naye akifumba macho kama mtoto, akicheka.
Lakini bibi Mwadi naye anao,
mle pichani, na kikapu cha uyoga kichwani,
na bibi hakuliona tanuru hata kwa mbali.

Jana, studio ya Monga, picha ya kitambulisho.
Akapiga. Akasogeza kidole kwenye kompyuta,
akafuta chini ya macho yangu kama anayefuta meza.
"Zawadi," akasema. "Silipishi."
Akanitazama mwanamke aliyelala usingizi wa kutosha,
hadaiwi na mtu,
si mtoto wa mtu.
Nikataka kumwuliza anamtafuta nani hapa.
"Rudisha," nikamwambia Monga.
"Wote?"
Nikafikiri. Foleni nyuma yangu ikakohoa.
"La kushoto… punguza kidogo."

Usiku huu kuna vijiko viwili dirishani.
Baba, blanketi mabegani, ameuliza cha pili ni cha nani.
Nimemwambia: lala,
utajua asubuhi.