Saa ya Mashine

Fundi Kondo kaja na flashi mfukoni:
“Tusasishe bodi, Sikudhani, na draiva zote.
Dakika saba. Ila umeme ukikatika katikati,
tumezika.”

Nikatazama luku: yuniti mbili na nukta.
Nikatazama mawingu juu ya Tandika.

Kila asubuhi mashine hii huamka
ikidhani ni Januari, elfu mbili na tisa,
mama yungali kwenye kiti hiki
akichapa barua za watu.
Nami huisogeza mbele, mwaka kwa mwaka,
kama anayempasha mgonjwa habari ya msiba.

“Na saa itapona?”
“Hiyo betri tu, buku mbili.”

Mteja kaingia: kopi ya kitambulisho.
Printa ikakohoa, ikatoa.

“Kesho, Kondo.”
Flashi akaiacha mezani,
juu ya karatasi zenye joto.