Presha, kwa Maneno ya Fundi Pancha

Mimi naziba pancha pale Igoma, karibu na mzani wa pamba,
kwa hiyo msinifundishe habari za presha.
Tairi halipasuki kwa upepo mwingi tu.
Hupasuka pale lilipokwisha kuumwa zamani,
msumari wenyewe haupo tena,
umebaki mdomo mdogo usioonekana
mpaka uuzamishe kwenye karai la maji, useme wenyewe: bu-bu-bu.

Nkwabi alipoweka mpira kwenye nukta pale Kirumba,
dakika ya themanini na nane, sisi moja, wao moja,
daraja la juu likituchungulia kama mama mkwe dirishani,
nilimwona akiurekebisha mara tatu.
Mara ya kwanza ni desturi. Ya pili, tuseme ni upepo wa ziwa.
Ya tatu nikamwambia Mujungu: huyu kashapasuka.
Juu ya majabali, nje ya ukuta,
watoto wasio na tiketi walinyamaza.
Mpira ukaenda kwao.

Nilitukana. Siwafichi, nilitukana
kwa Kiswahili kikaisha, nikaendelea kwa Kisukuma.
Mujungu akasema ameuza mechi.
Mwingine akasema amelogwa,
kuna mtu kaonekana Mkuyuni alfajiri na jogoo aliyenyonyolewa.
Muuza karanga akasema, moyo wa dagaa ule,
nikacheka, ingawa dagaa mpaka leo sijui kosa lake:
ameona taa usiku, akaifuata.

Nina mpwa, Limi, mfungaji wa netiboli,
timu ya kiwanda cha minofu.
Fainali ya mkoa alibaki na mpira mkononi, sekunde nne,
uwanja mzima umesimama juu ya kichwa chake.
Akafunga kama anayetupia kuku mtama.
Nikamuuliza, ulikuwa unawaza nini?
Akasema: kiatu kilinibana, mjomba.
Niliwaza nikifunga tu, nafungua.

Wiki tatu baada ya penati, siku ya Jumanne,
pikipiki ikasukumwa mpaka kwangu,
tairi la nyuma limelala kama andazi la jana.
Nkwabi. Na miguu yake ileile.
Hakusema kitu. Akasimama akanitazama kazi.

Miaka kumi na tisa nashika matairi,
gizani naziba, mvuani naziba,
nimewahi kuziba huku nimelewa.
Siku hiyo nikapaka gundi kabla ya kusugua.
Kiraka kikakaa upande kama kofia ya mgambo.
Karaini: bu-bu-bu.
Nikabandua. Nikabandika.
Nikakibonyeza mara moja, mara mbili,
na ya tatu nikajisikia mwenyewe
kidole kikitetemeka.

Alipoona jasho langu linadondokea tyubu,
Nkwabi akageuka, akanipa mgongo,
akajifanya anasoma bango la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara,
herufi kwa herufi, bila haraka,
kama mtoto wa darasa la kwanza,
mpaka kiraka kikashika.

Sikumwomba radhi. Sikujua nianzie lugha ipi.
Nilikataa tu hela yake, akaiacha juu ya pampu.

Bado naenda Kirumba. Bado nina maneno mengi.
Bado naamini wapo wa kushika na wapo wa kupasuka,
ninunulieni soda nitawataja kwa majina.
Ila penati ikitolewa, nageuka.
Nayatazama majabali kule kilimani,
jiwe limekaa juu ya jiwe, sehemu ya kugusana ni kiganja tu,
tangu kabla mji huu haujaitwa mji,
na hakuna anayeyapigia kelele.

Mujungu hunivuta shati: unaogopa?
Simjibu.
Ikiingia, nitasikia.