Chini ya Meza ya Fundi

Historia ya klabu ya gofu ya Wete
niliisoma chalichali
chini ya meza ya ami yangu Asaa, fundi cherahani,
maana meza ile ilikuwa ubao wa mvule
uliogeuzwa ukatazama sakafu,
na uso wake wote ulikuwa majina.

Majina ya dhahabu, moja kila mwaka:
Pritchard. Lumley. Pritchard tena.
Nilikuwa na miaka saba, nikiyatafuna,
Pi-ri-ti-cha-di,
huku cherahani ikinguruma juu yangu
na vipande vya uzi vikiniangukia puani.
Baina ya kumi na nne na kumi na tisa pana ukimya:
hapo walikwenda kuuana kwao.
Kisha wanarudi. Watu wengine, herufi zilezile.

Uwanja wenyewe nilipewa kwa mdomo.
Babu Shaame alibeba mkoba wa fimbo miaka kumi na sita,
bega la kulia likashuka lisipande tena,
na ami Asaa akimshonea kanzu ya Idi
upande ule huupunguza vidole viwili.

"Unaanzia barazani kwa Bwana Disii," akisema,
"unapiga kuteremka, mikarafuu ya Serikali mbele yako.
Cha pili kinavuka mtaro.
Cha tatu hakina majani, ni mchanga tu
tuliomwagia oili chafu tukaulaza kwa gunia;
nikirudi nyumbani bibi yako ananinusa kama gereji.
Cha nne ndicho chenyewe. Kushoto makaburi.
Mpira ukiingia humo umeshakufa, haufuatwi.
Hiyo si sheria ya Kiingereza.
Ni ya Mwalimu Hamdun wa chuoni,
aliyepanda kilima kwa miguu yake kuwaambia,
wakaiandika."

Cha tano na cha sita alivipita upesi kila mara.
Sikupata kujua kwa nini.

Cha saba walikuwepo ng'ombe wa Bi Mauwa,
wakata majani wasio na mshahara;
ukiangukia mavi, ruhusa kusogea urefu wa fimbo.
Cha nane kinapanda.
Cha tisa kinarudi kulekule barazani,
kwenye barafu na bilauri,
na mwenye mkoba anabaki chini ya ngazi.

"Na wewe, babu, hukupiga hata mara moja?"
Akatazama mlango kwanza.

Usiku wa nusu Shaabani, watu wako msikitini,
mwezi umejaa hata kivuli cha sisimizi kinaonekana.
Fimbo moja ya chuma, mpira uliochubuka ganda.
Cha nane, kutoka chini.
Akasikia *ko*, kitu kwenye bati.
Hakupanda kuangalia.
"Ningekuta haumo, ningekosa na ule mlio."

Asubuhi Bwana Lumley akautoa kikombeni kwa vidole viwili:
Shaame, mashimo hamsafishi?
"Nikamwambia, samahani, Bwana.
Sijapata kuomba radhi kwa raha kama siku ile."

Jina la mwisho ubaoni ni la sitini na tatu.
Chini yake palibaki mvule mtupu, kiasi cha majina kumi.
Nikaiba chaki ya fundi, nikaandika kwa mkono wa juu juu
S, H, A, A,
cherahani ikatikisika
na babu akanimwagikia machoni.
Nikaandika tena. Ilikuwa kazi ya kila siku, kama kufagia.

Mwaka jana nilipanda Limbani.
Baraza ni ofisi ya mifugo. Mtaro umezibwa.
Makaburi yamepiga hatua kuelekea cha tano.
Lakini cha nane, kwenye uwanda, bati limo,
limeliwa na kutu, ukingo wake umelainika,
na watoto wanne wamechutama wakicheza gololi.
Wana sheria zao; nilizisikiliza, sikuzielewa.
Nikataka kuwaambia.
Mmoja wao, kamasi puani, akanigusa kiatu:
"Bi, sogea. Umesimama njiani."
Nikasogea.
Urefu wa fimbo, hivi.